Andika ulichokiona wewe: kuomba uzamivu wa sayansi za tiba ukiwa Afrika Mashariki

Huhitaji shahada ya uzamili ili kuomba uzamivu (PhD) wa sayansi za tiba Marekani. Naanza na hili kwa sababu kila mwaka nakutana na vijana wenye shahada ya kwanza, wanaofanya kazi katika maabara za Ifakara, Moshi, Kilifi, Kisumu au Entebbe, wanaohangaika kutafuta mamilioni ya ada ya uzamili kwanza. Wanaamini ni ngazi isiyoweza kurukwa. Kule watu wengi huingia uzamivu moja kwa moja wakitoka shahada ya kwanza. Programu hulipa ada yote, hulipa bima ya afya, na hukupa posho ya kujikimu ambayo katika vyuo vingi vikubwa imezidi dola 40,000 kwa mwaka. Masomo huchukua miaka mitano au sita, wakati mwingine zaidi. Mwaka wa kwanza unazunguka maabara mbili au tatu, wiki nane hadi kumi kila moja, ndipo unachagua utakapotulia.

Mimi nilitokea maabara ya malaria nyumbani Tanzania, na sasa niko kwenye uzamivu huku Marekani. Kila msimu wa maombi wadogo zangu huniletea insha zao za maombi kabla hawajazituma. Programu yetu pia huwakutanisha waombaji na wanafunzi wakati wa usaili, kwa hiyo nimeyaona maombi haya kutoka upande wa pili wa meza. Nilichokiona kimenifanya niandike: vijana wetu wana kazi za kutosha kabisa kushindana na yeyote, lakini mtu akisoma maombi yao haioni kazi hiyo. Inabaki kwenye madaftari ya maabara, na kinachofika kwenye kamati ya udahili ni sifa za jumla.

Insha nyingi ninazoletewa huanza utotoni. Bibi aliugua, zahanati ilikuwa mbali, mwandishi akaapa kwamba siku moja atatafuta tiba. Simulizi hizo ni za kweli na zinauma, na siwezi kumwambia mtu aufute msiba wake. Lakini maprofesa wanaosoma maombi kwa mamia wanatafuta jibu la swali moja: huyu mtu akiachiwa tatizo ambalo hakuna anayejua jibu lake, atafanyaje? Ugonjwa wa bibi unaeleza kwa nini unaitaka sayansi. Hauelezi unavyoifanya. Sentensi moja inatosha, kisha uingie maabara.

Baada ya bibi hufuata aya ya "sisi". Tulikusanya sampuli, tulizichakata, tuliwasilisha ripoti, mradi ulifanikiwa. Naielewa vizuri hiyo "sisi". Ni adabu tuliyolelewa nayo: mtu hajisifu mbele za watu, kazi ni ya wote, na chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Adabu hiyo naipenda na sitaki mtu aiache. Ila msomaji wa insha hakuwepo, na hana njia ya kujua ndani ya ile "sisi" wewe ulikuwa wapi. Kumweleza si majivuno. Unaweza kuandika wazi kwamba mradi ulikuwa wa watu wengi, kisha ukasema: ndani yake, hili nililifanya mimi, na uamuzi huu niliufanya mimi.

Nitoe mfano, kwa ruhusa ya mwenyewe. Binti mmoja anayefanya kazi katika chumba cha kufugia mbu aliniletea insha yenye sentensi hii: "Nilihusika katika vipimo vya usugu wa mbu dhidi ya viuatilifu kwa kufuata mwongozo wa WHO." Sentensi safi, na haisemi chochote. Nikampigia simu nikamwuliza: ni lini kipimo kiliwahi kukugomea?

Kwa wasiokijua kipimo chenyewe: unachukua mbu jike 20 hadi 25, wenye umri wa siku tatu hadi tano, ambao hawajanyonya damu. Unawaweka kwenye bomba lenye karatasi iliyotiwa dawa kwa saa moja, unawahamishia bomba safi lenye maji ya sukari, na baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Wakifa chini ya asilimia 90, mbu hao wana usugu. Pembeni kuna bomba la ulinganisho, lenye karatasi isiyo na dawa ya kuua. Mbu wa humo hawatakiwi kufa. Wakifa zaidi ya asilimia 20, kipimo kizima kinatupwa, hata kama kazi ya siku nzima imeishia hapo.

Akaniambia kwamba kulikuwa na kipindi vipimo vya mchana vilikuwa vikitupwa kila mara, na vya asubuhi vikipona. Wenzake walisema ni bahati mbaya. Yeye akaanza kuandika joto na unyevu wa chumba kila saa, pembeni mwa daftari. Akaona baada ya saa saba mchana joto linapita nyuzi 29, wakati mwongozo unataka 27, kupanda au kushuka mbili, na unyevu nao unaanguka. Ningeishia hapo ningeridhika, lakini yeye hakuridhika. Akawaza: mbu wa mchana ni wale waliobaki kwenye vikombe asubuhi, wamekwishashikwashikwa, pengine kinachowaua ni mikono yetu na wala si joto. Basi siku iliyofuata akawagawa mbu wa kundi moja kwa kura tangu asubuhi, nusu wapimwe saa mbili, nusu wasiguswe kabisa mpaka saa nane. Wale ambao hawakuguswa walikufa vilevile mchana. Akaenda kwa msimamizi wake na daftari, na maabara ikahamisha vipimo vyote asubuhi mpaka kipoza hewa kilipotengenezwa.

"Mbona hili hukuliandika?" nikamwuliza.

"Dada, ile haikuwa sayansi. Ulikuwa usumbufu tu wa kazi."

Jibu lake lilinikaa moyoni. Aliona jambo lisilo la kawaida, akalipima, akapata maelezo, akajipinga mwenyewe kwa maelezo mengine yenye nguvu sawa, akabuni jaribio la kuyatenganisha. Kuna waombaji waliosoma katika vyuo vyenye kila kifaa ambao hawajawahi kufanya hivyo hata mara moja, kwa sababu kila jaribio walilofanya lilikuwa limekwishapangwa na mtu mwingine. Nikamwomba aiweke habari hiyo mwanzoni kabisa mwa insha na aipe nafasi ya kutosha. Aeleze na ambacho hakuweza kukijibu, yaani kwa nini joto lile lile liliwaua zaidi mbu wa kundi moja kuliko la jingine. Swali hilo ndilo lililompa njia ya kusema anataka kusomea nini.

Maabara zetu zimejaa habari za namna hii. Umeme unakatika, jenereta inachelewa, na mtu wa zamu anaamua ni sampuli zipi zihamishiwe kwanza na kwa nini. Kemikali imekaa bandarini mwezi mzima, na mtu anajaribu kupunguza ujazo wa mchanganyiko wa PCR, kipimo cha kukuza vinasaba, kwa nusu na kuthibitisha kwamba matokeo hayabadiliki. Ukitaka kujua uandike nini, fungua daftari lako utafute kurasa ulizokasirika.

Sehemu ya mwisho ya insha ni kusema kwa nini programu hii na si nyingine. Taja maprofesa wawili au watatu ambao umesoma machapisho yao kweli, useme ni swali gani katika kazi yao linalokugusa. "Kazi yako inanivutia sana" anaambiwa kila mtu. Ukiandika kwamba wameonyesha jeni fulani inaongezeka kufanya kazi kwa mbu sugu, nawe unajiuliza kama ndivyo ilivyo kwa mbu wa aina ya funestus wa bonde la Kilombero ambao umewashika kwa mikono yako, hapo msomaji ananyanyua kichwa.

Nije kwenye barua za mapendekezo. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichapisha katika jarida la PLoS ONE uchunguzi wa wanafunzi wao wa uzamivu wa sayansi za tiba: ni kitu gani katika maombi kilitabiri nani atachapisha utafiti zaidi? Alama za GRE, mtihani wa kuombea shahada za juu Marekani, hazikutabiri. GPA, yaani wastani wa alama za chuo, haikutabiri. Kilichotabiri vizuri kuliko vyote ni tathmini ya watu walioandika barua. Mwaka huohuo uchunguzi kama huo wa Chuo cha Vanderbilt nao ulionyesha kwamba GRE haielezi nani atafanikiwa katika utafiti, na katika miaka iliyofuata programu nyingi za fani hii ziliacha kabisa kuidai. Kwa mwombaji wa Dodoma au Eldoret hiyo ni nafuu kubwa ya fedha na safari. Lakini maana yake pia ni kwamba uzito uliokuwa kwenye mtihani umehamia kwenye barua, na kwenye barua ndiko tunakoumia zaidi.

Barua ya kawaida ya kwetu inasema mwanafunzi huyu ana nidhamu, ni mwadilifu, ni mchapakazi, anashirikiana vema na wenzake, na hakuwahi kuwa na kosa la kinidhamu. Mhadhiri aliyeiandika amekupenda kweli, na kwa mizani ya kwetu amekusifu. Msomaji wa Marekani anaisoma akiona kwamba mwandishi hakujui. Kule barua nzuri ina ukurasa mmoja na nusu au mbili, ina tukio, ina mfano wa siku ulipokuja na wazo, ina ulinganisho na wanafunzi wengine aliowahi kuwasimamia.

Kwa hiyo omba barua kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi, hata kama cheo chake ni kidogo. Mtafiti mdogo aliyekaa nawe benchi moja mwaka mzima anakufaa kuliko mkuu wa idara aliyekufundisha darasani ukiwa mmoja kati ya mia mbili. Ikiwezekana, aandike yeye na mkuu wa mradi atie saini pamoja naye. Jambo hilo linakubalika kabisa. Na unapoomba, omba mapema, mwezi wa tisa kwa tarehe ya mwisho ya Desemba, ukimrahisishia mzee wako kazi: "Shikamoo Profesa. Naomba uniandikie barua ya mapendekezo kwa ajili ya maombi ya uzamivu. Nimeambatanisha ukurasa mmoja unaokumbusha kazi niliyofanya chini ya usimamizi wako, pamoja na insha yangu na tarehe za mwisho." Ukurasa huo ndio muhimu. Andika ndani yake mradi, miezi, tatizo lililojitokeza, ulichopendekeza. Yeye ana watu wengi kichwani, na ukumbusho huo unampa mifano ya kutumia.

Wapo watakaokujibu, "Andika wewe, niletee nisaini." Najua ilivyo ngumu kumkatalia mtu mzima. Lakini barua uliyojiandikia itafanana na insha yako, maneno yale yale, na wasomaji wazoefu wanaona. Mwombe kwa upole dakika kumi za mazungumzo, mkumbushane kazi mliyofanya, kisha aandike yeye hata kwa ufupi. Akikataa kabisa, tafuta mwingine. Na fomu itakapokuuliza kama unaacha haki yako ya kuisoma barua, kubali kuiacha, maana barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huaminiwa kidogo.

GPA inawatisha watu kuliko inavyostahili, ila inataka uangalifu. Vyuo vya Tanzania hupima kwa 5, Marekani hupima kwa 4. Daraja la pili la juu kwetu huanzia 3.5, na daraja la kwanza 4.4. Mtu mwenye 3.8 ya kwetu akijigeuzia mwenyewe kwa kikokotoo anapata takriban 3.0 na anaonekana dhaifu, wakati kwetu ni mwanafunzi mzuri. Kwa Wakenya tatizo liko kwenye asilimia: 70 ni daraja la kwanza, na Mmarekani akiiona 70 anaona C. Fomu isipokuagiza kubadilisha, usibadilishe. Jaza kama ilivyo, taja kipimo ni cha juu kiasi gani, na hakikisha transkripti yako ina ule ukurasa wa maelezo ya madaraja. Programu zinazotaka tathmini ya WES, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya Marekani, zitasema. Mwombe pia mmoja wa wanaokuandikia barua ataje nafasi yako darasani, kwa sababu "wa tatu kati ya sitini" inaeleweka kila mahali.

Kuhusu ada za maombi: nyingi ni kati ya dola 75 na zaidi kidogo ya 100 kwa chuo kimoja, na ukiziweka pamoja zinaweza kula mshahara wa miezi. Andika barua pepe kwa ofisi ya programu, mwezi mzima kabla, uombe msamaha wa ada. Wengi hutoa, wengine hawatoi kwa wageni, na hakuna anayekuhukumu kwa kuuliza. Ukiwa umesoma kwa Kiingereza, uliza pia kama barua ya chuo chako inaweza kuchukua nafasi ya TOEFL au IELTS. Na tafadhali, usimpe wakala fedha. Programu hizi hazitumii mawakala, na hakuna wakala anayeweza kukuandikia ulichokiona maabara.

Kuna jambo la fedha ambalo ni haki yenu kulijua. Sehemu kubwa ya nafasi za uzamivu wa tiba Marekani hulipiwa na ruzuku za mafunzo za NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, na ruzuku hizo ni kwa raia na wakazi wa kudumu pekee. Mgeni hulipiwa na chuo chenyewe au na ruzuku ya profesa, kwa hiyo viti vya wageni ni vichache hata pale tangazo linaposema wote wanakaribishwa. Mwaka 2025, fedha za NIH zilipotikiswa, programu kadhaa zilipunguza udahili, na shule ya tiba ya UMass Chan ilifuta nafasi ilizokuwa imekwishawapa watu. Kukataliwa katika mazingira hayo mara nyingi hakuhusu uwezo wako. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimewaona watu wazuri wakiacha sayansi baada ya barua tatu za kukataliwa.

Ndiyo maana sipendi mtu aweke matumaini yote Marekani. Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola na Gates Cambridge. Ujerumani ina ufadhili wa DAAD na shule za utafiti za Max Planck, ingawa huko uzamili huhitajika kwa kawaida. Na karibu na nyumbani, kituo cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi, kilichoanza mwaka 1989, kimewalea watafiti wa Kiafrika kupitia mpango wake wa mafunzo uitwao IDeAL. Arusha ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Accra kipo WACCBIP, kituo cha utafiti wa vimelea vya magonjwa katika Chuo Kikuu cha Ghana, kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za bara hili. Wapo wanaoziona njia hizi kama za akiba. Mimi sizioni hivyo. Chanjo za malaria ambazo WHO ilipendekeza zitumike, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, zote zilijaribiwa Bagamoyo na Kilifi, miongoni mwa vituo vingine. Mtu anayetaka kuuelewa ugonjwa huo anaweza kuwa karibu zaidi na swali lake akiwa Pwani kuliko akiwa Boston.

Ukiitwa kwenye usaili, kati ya Januari na Februari, jua kwamba kazi yako imekwishaaminiwa. Sasa wanataka kuzungumza nawe. Hesabu saa vizuri: wakati huo wa mwaka mashariki ya Marekani iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo usaili wao wa saa tisa alasiri ni saa tano usiku kwako. Tafuta mahali penye umeme wa uhakika. Utazungumza na maprofesa wanne au watano, nusu saa kila mmoja, na hapo ndipo malezi yetu hutuponza tena. Tumezoea kwamba mkubwa akiuliza, mdogo anajibu kwa kifupi na kunyamaza. Profesa wa kule akisema, "Sikubaliani na jaribio lako," hajakugombeza. Anakualika mbishane. Mjibu kwa heshima ile ile uliyofunzwa, lakini ujibu: kwa nini ulifanya hivyo, udhaifu wake ulikuwa wapi, ungefanya nini ungekuwa na kifaa kingine. Usipojua, sema hujui, kisha fikiri kwa sauti. Yule binti wa mbu aliulizwa kwa nini hakukirudisha chumba kwenye nyuzi 27 mchana ili kuhakikisha kwamba joto ndilo lililoua. Akasema kipoza hewa kilikuwa kimeharibika, na kwamba hata leo hawezi kutenganisha joto na unyevu kwa takwimu alizonazo. Waliendelea kuzungumza kuhusu unyevu mpaka muda ukaisha.

Wewe nawe waulize. Je, maabara inapokea wanafunzi wa kigeni mwaka huu? Fedha yake inaishia lini? Wanafunzi waliotoka hapo wako wapi sasa? Maswali haya waulize zaidi wanafunzi kuliko maprofesa, na usikilize wanaposita.

Ukipata nafasi, una muda. Vyuo vingi vimekubaliana kwamba mtu mwenye ofa ya ufadhili asilazimishwe kuamua kabla ya tarehe 15 Aprili. Tumia wiki hizo kuuliza posho ya kwanza inaingia lini, maana mara nyingi ni mwisho wa mwezi wako wa kwanza wa masomo, na kabla yake utakuwa umelipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ambayo ni dola 350, ada ya viza, tiketi ya ndege na amana ya chumba. Waombe mkopo mdogo wa kuanzia au malipo ya mapema. Ofisi nyingi zina utaratibu huo lakini hazitautaja usipouliza. Na ukishaamua unakokwenda, waandikie waliobaki siku hiyohiyo kwamba hutakuja. Kila programu ina orodha ya wanaosubiri, na nafasi unayoishikilia bila kuitaka kuna mtu anaihesabia siku.